Uso wa Mtumishi si Sehemu ya Sare

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nichangie mjadala ulioanzishwa majuma mawili yaliyopita na msomaji mwenzangu, ambaye katika barua yake aliwalaumu wanawake wanaojiremba, akisema kuwa wanawahadaa wanaume, na akamalizia kwa methali tuliyoizoea sote, kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Barua hiyo niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa hasira, kwa sababu nina binti anayejiremba, na mara ya pili niliisoma kwa utulivu, kwa sababu mimi mwenyewe huu ni mwaka wa nne sipaki kitu usoni zaidi ya mafuta ya nazi, na nilitaka kujua kama mwandishi alikuwa na neno lolote la heri kwa mtu kama mimi. Alikuwa nalo: alituita sisi tusiojiremba wanawake wa kweli. Sifa hiyo iliniudhi kuliko lawama aliyowapa wenzangu, na barua hii naiandika kueleza kwa nini.

Methali aliyoitumia, kwa ninavyoifahamu, ni ya sokoni. Hueleza habari za bidhaa: embe lililoiva vizuri halihitaji mtu wa kulipigia kelele, ilhali lililoanza kuoza huzungushwa mtaa kwa mtaa mpaka jua linazama. Anayeitumia kumpima mwanamke huwa ameshakubali, kabla hata hajafika mwisho wa sentensi yake, kuwa mwanamke naye yuko gengeni akisubiri mnunuzi, na kilichobaki ni kubishana juu ya namna alivyopangwa mezani. Binti yangu anapoketi mbele ya kioo na brashi yake hajitembezi kwa mtu, na mimi ninapotoka nyumbani bila poda sijiuzi kwa bei iliyo bora zaidi. Hakuna kati yetu aliyetoka kwenda kuuzwa.

Nimezaliwa na kukulia Ngamiani, hapa Tanga, katika nyumba ambayo kujipamba hakukuwa jambo la kuonewa haya wala la kujivunia, bali kulihesabiwa pamoja na usafi, kama kuchana nywele na kukata kucha. Mama yangu alikuwa na msio, lile jiwe la kusagia liwa, alilorithi kwa mama yake, na jioni za Alhamisi nilikuwa nikimtazama akilidondoshea maji matone machache, kisha akisugua kipande cha msandali juu yake taratibu, kwa mzunguko, mpaka rojo la rangi ya chai ya maziwa likakusanyika pembeni. Alijipaka usoni kwa vidole viwili na kurudi kwenye ungo wake kupeta mchele, huku liwa ikimkaukia mashavuni na kupasuka nyufa ndogondogo kila alipocheka. Usiku aliweka kikuba cha asumini na rihani chini ya mto. Wanja wa manga ulikaa katika kichupa cha shaba chenye kijiti chake, na waliokitumia hawakuwa wanawake peke yao: babu yangu mzaa baba, mzee wa heshima aliyekuwa akisalisha msikitini, hakwenda sala ya Ijumaa kabla hajapitisha kijiti kile machoni, kwa kuwa alifundishwa kuwa ni sunna, na sisi wajukuu tulichorwa nyusi kwa wanja huohuo kabla hata arobaini zetu hazijatimia. Katika mji ule sikupata kusikia mtu akimwita babu mdanganyifu kwa sababu ya macho yake.

Hapa naomba niseme jambo moja pembeni, kwa kuwa wanja ninaupenda na nisingetaka mapenzi hayo yamdhuru mtoto wa mtu. Baadhi ya wanja unaouzwa masokoni hutengenezwa kwa madini yenye risasi, na risasi ikiingia katika mwili wa mtoto mchanga, hata kwa kiasi kidogo, huathiri ukuaji wa ubongo wake. Mama yangu hakulijua hilo. Mimi nimelijua, na wajukuu wangu hawapakwi.

Narudi kwenye habari yangu. Kwa zaidi ya miaka 18 nimefanya kazi katika taasisi moja ya fedha, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikaa dirishani, nikipokea na kutoa fedha za wateja. Katika muda wote huo wa dirishani nilijipamba kila siku ya kazi: faundesheni, poda, wanja wa penseli, rangi ya mdomo isiyowaka sana. Sikulazimishwa na mtu, au niseme sikutambua kuwa nalazimishwa, kwa sababu wenzangu wote walifanya hivyo na nilipoajiriwa niliwakuta wakifanya hivyo. Miaka minne iliyopita mume wangu alifariki dunia. Nilikaa eda kwa miezi minne na siku kumi kama dini yetu inavyoagiza, bila wanja, bila hina, bila manukato na bila nguo ya mapambo, na mwajiri wangu aliniruhusu kukaa nyumbani muda huo wote, sehemu yake ikiwa likizo yangu ya mwaka na sehemu kubwa zaidi ikiwa likizo isiyo na malipo. Kwa hilo namshukuru hadi leo.

Nilipoingia eda nilidhani kigumu kitakuwa kukaa ndani. Kumbe nilichokuta humo, ambacho sikukitegemea hata kidogo, ni uso wangu. Chini ya nyusi ya kushoto nina kovu dogo, refu kama punje ya mchele, nililolipata nikiwa na miaka minane nilipoanguka kutoka kwenye mwembe wa jirani, na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limelala chini ya faundesheni kuanzia saa 12 asubuhi hadi jioni. Marehemu mume wangu alikuwa na mazoea ya kuligusa kwa kidole gumba. Nililiona tena kwenye kioo cha chumbani katika wiki ya pili ya eda, nikakaa nalo muda mrefu, na kuanzia siku ile nilikuwa nikilitafuta kila asubuhi kama mtu anayeamkia jamaa yake. Eda ilipokwisha, mama na shangazi zangu waliniogesha, wakanivisha khanga mpya, na mama akaleta kile kichupa cha shaba. Nikamwambia, “Mama, bado.” Hakuniuliza sababu. Alikifunga akakirudisha kabatini, na tukaenda kula. Sikuwa nimeweka nadhiri, wala sikuwa na hoja ya kumshinda mtu. Nilikuwa nimezoeana na uso wangu na sikutaka kuufunika.

Nilirudi kazini. Katika wiki ya tatu msimamizi wetu, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, mwenye adabu na mwema, aliniita pembeni na kuniambia kwa sauti ya chini, “Mama, nisamehe sana. Wateja wanasema ukikaa dirishani unaonekana kama umefiwa.” Nikamjibu, “Nimefiwa kweli, mwanangu.” Aliinamisha macho, na ninaamini maneno yale yalimuuma kama yalivyoniuma mimi. Lakini siku chache baadaye nililetewa nakala ya mwongozo wa mavazi na mwonekano wa watumishi, ikiwa imepigiwa mstari kwa kalamu mahali panaposema kuwa mtumishi wa kike anayehudumia wateja anapaswa kuwa “nadhifu na mwenye kujipamba kwa kiasi”. Nilipekua kurasa zote kutafuta maneno kama hayo kwa wanaume. Wao wametakiwa kunyoa ndevu au kuzitunza, kufunga tai na kung'arisha viatu. Mwezi uliofuata nilihamishiwa chumba cha nyuma kunakopangwa nyaraka. Mshahara haukuguswa, niliyoipoteza ni posho ya kushika fedha, ambayo hutolewa kwa wanaokaa dirishani, na ambayo kwa mjane mwenye mtoto chuoni si jambo dogo.

Mhariri, wapo watakaosema kuwa kupaka poda si kazi nzito na kwamba nimekuza jambo. Naomba wanisikilize kuhusu kazi hiyo ilivyo. Anayeishi Tanga anaujua mwezi wa Februari, wakati kaskazi inapopungua na hewa inasimama kama imefungiwa chupani. Nilikuwa nikijipaka nyumbani saa 12 kwa mwanga wa taa, nikapanda daladala, na hadi kufika kazini jasho lilikuwa limeshachora njia kutoka kipaji cha uso hadi kidevuni, hivyo nilirudia tena msalani, nimeinama mbele ya kioo kidogo juu ya sinki, nikigongana viwiko na wenzangu watatu wenye haja ileile, huku saa ikikaribia muda wa kufungua mlango. Kichupa kimoja cha faundesheni nilikinunua kwa Sh 35,000 na kilinifikisha kama miezi miwili. Na kwa miaka mingi rangi niliyokuwa nikipaka haikuwa yangu, kwa kuwa maduka niliyoyaweza hayakuwa na rangi ya ngozi yangu: nilichanganya mbili kiganjani, na bado mashavu yangu yalikuwa meupe kuliko shingo yangu, jambo ambalo picha za sherehe za ofisi zinalishuhudia mpaka leo.

Tatizo hilo la rangi halikuwa langu peke yangu. Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Somalia aliyepata kusoma Chuo Kikuu cha Nairobi, alianzisha kampuni yake ya vipodozi mwaka 1994 kwa sababu watengenezaji wakubwa hawakuwa wakiwahesabu wanawake weusi kuwa ni wateja, na mwaka 2017 mwanamuziki Rihanna alipoingiza sokoni faundesheni zake za rangi 40 kwa mpigo, watu duniani kote walishangaa, ilhali cha kushangaza kilipaswa kuwa kwamba ilichukua muda mrefu hivyo. Yaani kwa sehemu kubwa ya miaka niliyokaa dirishani, nilitakiwa na desturi ya kazi kupaka kitu ambacho waliokitengeneza hawakumfikiria mtu kama mimi. Mwajiri wangu hutupa suti mbili kila mwaka, kitambaa cha shingoni na beji ya jina, kwa sababu anataka tuonekane kwa namna fulani na anakubali kugharimia anachokitaka. Ikiwa uso wangu nao ni sehemu ya sare, basi ungekuwa kwenye orodha ya ununuzi pamoja na suti, ungepimwa kama suti inavyopimwa, na mwanamume wa dirisha la pili angepewa wake. Kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuliandika jambo hilo kwa uwazi namna hiyo, nadhani kila mmoja ndani ya nafsi yake anajua kuwa uso si sare.

Sasa niseme habari za binti yangu, kwa sababu bila yeye barua hii ingesomeka kama ya mwanamke aliyeacha kujiremba na kutaka wengine wote waache. Binti yangu anasomea ualimu, somo lake ni Hisabati, na anapenda kujiremba kwa kiwango ambacho mimi sikukifikia hata nikiwa bibi harusi. Jumamosi asubuhi huketi chini karibu na dirisha, kioo amekiegemeza kwenye ndoo, na kuanza na nyusi. Huzichora nywele moja moja kwa ncha ya penseli, kutoka chini kwenda juu, huku akizuia pumzi, kisha hukaa nyuma na kulinganisha kulia na kushoto kwa umakini uleule anaokagulia mlinganyo. Siku moja nilimuuliza kwa nini asitinde tu akamaliza mapema. Akaniambia, “Mama, huu ndio muda pekee wa siku ambao hakuna anayeniita.” Tangu hapo nikimwona amekaa pale ninawaambia wadogo zake wamwache.

Mwaka jana, akiwa katika mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari ambayo sitaitaja, mkuu wa shule alimsimamisha asubuhi mstarini, mbele ya wanafunzi wote, akamwagiza aende bombani kufuta rangi ya mdomo. Alikwenda. Aliniambia kuwa maji yalikuwa yakitoka kidogokidogo na rangi ilikuwa ya ile isiyotoka kwa maji matupu, kwa hiyo alisimama pale akisugua kwa kiganja kwa muda ambao kwake ulikuwa kama saa nzima, na wanafunzi wakiangua kicheko nyuma yake, kisha akaingia darasani kuwafundisha wanafunzi walewale akiwa na midomo iliyovimba. Alichokosea, kama kweli alikosea, kingeweza kusemwa ofisini kwa dakika moja. Sikatai kuwa shule ina taratibu zake. Ninachokataa ni kwamba mwalimu anaweza kuvuliwa heshima yake mbele ya watoto anaotakiwa kuwafundisha kwa sababu ya rangi iliyokuwa midomoni, na halafu mtu huyohuyo akatarajia watoto wamsikilize kipindi cha pili.

Mimi niliambiwa nijipambe ili nifae kazini, na binti yangu akaambiwa ajifute ili afae kazini. Nimejaribu kutafuta kanuni moja inayoweza kutuhukumu sote wawili na sijaiona, isipokuwa hii: kwamba katika kila chumba tunachoingia, kuna mtu mwingine anayejiona ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya nyuso zetu. Hata Bunge letu halikusalimika. Mwezi Septemba 2018, Spika wa wakati ule, Job Ndugai, alipiga marufuku wabunge wanawake wenye kope za bandia na kucha za bandia kuingia ukumbini Dodoma, baada ya Naibu Waziri wa Afya kueleza madhara yake kiafya. Sina ugomvi na tahadhari ya kiafya, kwa kuwa gundi mbovu ya kope huumiza macho kweli, na mwenye kuonya anastahili kusikilizwa. Lakini wale walikuwa watunga sheria, watu wazima waliochaguliwa au kuteuliwa kwa mujibu wa sheria, na kati ya kumwonya mtu mzima na kumzuia mlangoni kuna umbali mkubwa.

Najua nitaulizwa kuhusu mkorogo. Huo nauweka kando kabisa na mambo niliyoyasema, na ninasikitika kila ninapoona waandishi wakiuchanganya na poda na wanja kana kwamba ni kitu kimoja. Poda hunawishwa jioni ikaisha. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni huharibu ngozi, na zebaki huingia mwilini na kuumiza figo. Ndiyo maana zimepigwa marufuku nchini kwetu, na ndiyo maana mataifa yaliyo katika Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, yalikubaliana kuwa ifikapo mwaka 2025 vipodozi vyenye zebaki vikome kutengenezwa, kuingizwa nchini na kuuzwa nje. Shirika la Viwango, lililokabidhiwa usimamizi wa vipodozi tangu mwaka 2019, libane hapo bila huruma, nami nitalipongeza. Ila naomba yule anayewacheka wanawake waliochubuka ajiulize pia ni nani aliyekuwa akiwaambia tangu utotoni kuwa mweupe ndiye mzuri.

Nimesema kuwa sifa aliyotupa msomaji mwenzangu iliniudhi. Anatusifu tusiojiremba ili apate fimbo ya kuwapigia wanaojiremba, na mimi sikubali uso wangu utumike kumchapia binti yangu. Yaliwahi kumkuta hata mtu mashuhuri: mwaka 2016 mwanamuziki wa Marekani Alicia Keys alipoacha kupaka mekapu na kutokea hadharani hivyo, watu waligawanyika, wengine wakimwita mkombozi na wengine mzembe, mpaka akalazimika kueleza kuwa kuacha kwake hakumaanishi kuwa anaipinga mekapu kwa wengine. Uso wangu haumshindi wa mtu yeyote kwa ukweli. Kwanza si kweli kwamba uso usio na kitu unasema kweli daima: nimewahudumia wateja kwa tabasamu asubuhi niliyopata habari kuwa mume wangu hatapona, na hakuna poda iliyohitajika kuficha hilo. Na wanja wa mama yangu, aliojipaka kwa miaka yote, haukuwahi kumficha kwa mtu.

Ninachokiomba ni kidogo na kinatekelezeka. Waajiri, hasa wa mabenki, hoteli, maduka makubwa na shule, wapitie miongozo yao ya mwonekano na kuondoa humo kila agizo linalohusu rangi ya uso wa mwanamke, liwe la kumtaka apake au la kumtaka afute, isipokuwa pale ambapo kazi yenyewe inadai kwa sababu inayoweza kuandikwa, kama vile jikoni kuhusu kucha ndefu au katika chumba cha upasuaji. Unadhifu wautake, kwa wote, na kwa maneno yaleyale. Na wenye malalamiko kuhusu mtumishi wamwite pembeni, kama msimamizi wangu alivyofanya, kwa maana yeye angalau alinihifadhia heshima yangu.

Mwongozo wa kwetu unaandikwa upya mwaka huu, na watumishi tumeruhusiwa kutoa maoni kwa maandishi. Nimepeleka yangu wiki iliyopita. Nimeomba ile sentensi niliyopigiwa mstari isomeke, “Mtumishi anayehudumia wateja awe nadhifu,” na maneno yaliyobaki yafutwe. Mwenzangu mmoja wa dirishani, ambaye hajawahi kuja kazini bila rangi ya mdomo na sidhani kama atawahi, alinikuta nikiichapa, akaisoma akiwa amesimama nyuma yangu, akaniomba kalamu na kutia saini yake chini ya yangu. Bado hatujajibiwa.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Ngamiani, Tanga
(Jina limehifadhiwa)